Mwenye Mwili Kwanza

Tangu nistaafu siwezi kukaa. Nilimshukuru Mungu kwa kunipumzisha, kisha nikagundua kwamba mikono yangu haikushirikishwa katika mpango huo. Nikifua kitambaa nakikamua nusu, kama bandeji ya plasta. Mjukuu akiinama kufunga kamba za viatu, macho yanaenda moja kwa moja kwenye uti wake wa mgongo. Juzi Wayua, mmoja wa niliowafundisha kazi, alinipigia simu kutoka karakana kuuliza maji ya kulowesha plasta yawe na moto kiasi gani, nikamjibu kwa urefu mpaka akasema, "Mama Ndinda, si uandike tu."

Basi naandika, kwa ajili yenu mliobaki pale barabara ya Kangundo, na kwa sababu kuna jambo ambalo bado halijanitulia. Mnalijua nusu. Nusu nyingine ilitokea ninyi mkiwa mmetumwa Tala kununua saruji.

Kazi yangu haikuanzia kwenye sanaa. Ilianzia katika chumba cha plasta cha hospitali ya misheni, chini ya Mzee Kyalo, mtu wa vidole vifupi na maombi mafupi. Siku ya kwanza alinipa ndoo, mkasi wenye ncha butu na aproni iliyokuwa imekauka ikasimama yenyewe kama mtu wa tatu chumbani. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwanafunzi aliyeanguka kutoka juu ya mwavokado akavunjika mkono. Nilimfunga vizuri, nikajisifu moyoni, na mara akaanza kupiga kelele kwamba namchoma. Sikujua kuwa plasta ikianza kukaza hutoa joto. Mzee Kyalo alikuja, akamshika yule mtoto kichwa mpaka joto likapita, kisha akanigeukia.

"Plasta hujaikosea," akasema. "Umemkosea mtu. Mwambie kitakachompata kabla hakijampata."

Hilo ndilo somo la kwanza, na mkisahau mengine yote lishikeni hilo. Mwambieni itakuwa baridi, halafu nzito, halafu moto. Mwambieni haitamla. Mtu akijua, anavumilia. Asipojua, anaruka na kazi yako inaruka naye.

Mwikali nilimpata katika chumba hicho hicho. Alikuwa msichana wa chuo, amevunjika kifundo cha mkono. Nilipolikata lile ganda la plasta nikataka kulitupa, akanizuia. Akaliinua kwenye dirisha, akachungulia ndani.

"Utalifanyia nini?" nikamuuliza. "Linanuka."

"Mama, ndani yake kuna mkono wangu."

Nikachungulia na mimi. Nilikuwa nimekata maganda kwa miaka, nikiyatazama kwa nje tu. Ndani mlikuwa na mistari ya ngozi, alama ya mshipa, hata kovu dogo la utotoni. Nilirudi nyumbani nikiwa sina raha. Niliwaza ni watu wangapi niliowatupa kwenye pipa bila kuwaona.

Miaka ilipita, Mwikali akarudi Machakos akiwa mchongaji anayejulikana kidogo Nairobi na hajulikani kabisa kwao. Akakodi lile banda nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akaja kunitafuta. Alitaka mtu anayejua kufunga plasta juu ya mwili hai bila kumtisha mwenye mwili. Nilimwambia niombe kwanza. Niliomba. Sikusikia sauti yoyote ikinikataza, na mikono ilikuwa imeshakubali.

Mliokuja baadaye mnadhani karakana ilikuwa na utaratibu tangu mwanzo. Haikuwa nao. Wasanii wenzake walikuja kila mmoja na mwili wake kichwani. Mmoja alitaka matumbo ya wajawazito, mengi, yaning'inizwe kama mabakuli. Mwingine alishona watu kutokana na mitumba ya Tala, mikono ya sweta imejazwa nguo nyingine, akasema huo ndio mwili wa leo, umeundwa na vitu vilivyovaliwa na wengine. Kijana wa Mavoko alitaka shingo tu, shingo zilizopindwa na simu. Nilimuuliza kichwa kiko wapi, akaniambia kichwa si muhimu. Nikamwambia asubiri afike umri wangu.

Lakini nilijifunza kwao. Kwa kalenda za kanisani nilikuwa nimezoea kuona mwili mzima, msafi, umenyooka, unang'aa. Hawa walitaka mwili ulivyo: goti lililovimba, ngozi ya tumbo iliyolegea, kidole kisichonyooka. Mwanzoni niliona ni dharau. Kisha nikakumbuka kwamba katika chumba cha plasta sikuwahi kuletewa mwili wa kalenda hata siku moja.

Kanisani waliniita. Sikukasirika, walikuwa na haki ya kuuliza. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia, "Dada, tunasikia siku hizi unatengeneza sanamu."

"Ni kweli, mzee."

"Na Maandiko unayajua."

"Nayajua. Sanamu iliyokatazwa inataka nipige magoti niiombe. Hii napiga magoti kuisugua kwa msasa, na bado hainipi kitu."

Wengine walicheka. Yeye hakucheka, na sikumlaumu. Niliporudi karakana niliweka sheria moja, na Mwikali akaikubali: hakuna kazi inayotoka mlangoni kabla mwenye mwili hajaiona. Asipoipenda, inavunjwa mbele yake. Mwenye mwili kwanza. Niliona kuwa kama Mungu alimkabidhi mtu mwili, basi yeye ndiye wa kutoa ruhusa. Sheria hiyo ilinipa amani kwa muda mrefu, mpaka ilipokuja kazi ya migongo.

Wazo lilikuwa la Mwikali. Vilima vyetu hivi vilikuwa vimekwisha kwa mmomonyoko, na matuta yanayovishika yalichimbwa na watu wa mwethya, vikundi vya kusaidiana, wanawake wengi kuliko wanaume, wakiimba na jembe. Waliobaki sasa ni vikongwe. Mwikali alitaka migongo yao. Aliniambia, "Watu wakiwatazama akina mama hawa hutazama uso, wanauona umezeeka, wanapita. Kazi yao iko nyuma." Angeisimamisha migongo kwa safu, imeinama, kama tuta moja refu. Na katika plasta ya kila mgongo angechanganya udongo kutoka shamba la mwenyewe.

Kwa kazi hiyo tuliwainamisha juu ya meza, viwiko vimeegemea, ili wasichoke. Wote walikubali isipokuwa Mama Mutua. Aliiangalia meza kama mtu aliyeletewa chakula cha mgonjwa.

"Mwaitu," akaniita, kama tunavyosema mama kwetu, "mimi sijawahi kulima nikiegemea meza. Leteni jembe."

"Mama, utachoka. Plasta inataka utulie."

"Nimetulia na watoto wanane mgongoni, si kwa pamoja lakini. Leteni jembe."

Tukaleta jembe. Akainama akalishika. Mgongo wake haukuwa umepinda kwa uzee tu. Ulikuwa umepinda kwa namna ya kazi, bega la kulia chini, uti umevutwa upande kama mti uliokua kwenye upepo. Nilimpaka mafuta ya mgando, nikamweleza baridi, uzito na joto. Wakati naweka bandeji alikuwa anaongea.

"Hawa watu wa Nairobi watatoka huko waje kuona mgongo? Uso wangu mzuri umewakosea nini?"

"Tulia, Mama Mutua."

"Mimi mwenyewe sijawahi kuuona. Nimeubeba maisha yangu yote kama mzigo wa mtu mwingine. Mkinitoa, mnionyeshe. Mimi kwanza, kabla ya hao."

"Ndiyo sheria yetu."

"Unaapa?"

"Siapi. Nasema ndiyo."

Sasa plasta ilikuwa imeanza kukaza, wakati ule ambao hata chafya ni hatari. Ndipo alipokumbuka shemeji yake, Mzee Mulwa. Zamani walipokuwa wanachimba matuta, Mulwa alikuwa kijana, akasema hawezi kufundishwa na wanawake kupima mteremko kwa kamba. Akachimba tuta lake kwa macho. Mvua ya kwanza ikalibeba, ikabeba na suruali aliyokuwa ameianika kwenye ua. Ilipatikana chini kwa jirani, na Mulwa akaenda kuidai amejifunga leso ya mama yake.

"Akasema," Mama Mutua akaendelea, sauti inatetemeka, "akasema eti, 'Tuta halikubomoka. Limehama.'"

Akacheka. Mgongo wote ukacheka. Ganda likapasuka kutoka bega la kulia mpaka katikati.

Mwikali alishika kichwa. Mimi niliziba ufa kwa bandeji juu yake, nikaomba kimoyomoyo, na tukalitoa salama. Kwa ndani alama ilibaki, mfereji mwembamba. Tuliliweka kwenye rafu tukingoja udongo wa shamba lake, ambao ulichelewa kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia ya kwake. Kabla udongo haujafika, ilifika habari. Mama Mutua alikuwa ameshikwa na homa ya mapafu. Hakukaa hospitalini muda mrefu.

Jumatano kabla ya maziko mtoto wake mkubwa, Mutua, alikuja karakana pamoja na Mzee Mulwa. Ninyi mlikuwa Tala. Mutua anafanya kazi kiwandani Mavoko, mtu mpole, lakini siku hiyo hakukubali kiti.

"Mama, tumesikia mko na mwili wa mama yetu hapa."

Nikamwambia hatuna mwili, tuna ganda. Nikalishusha kutoka kwenye rafu. Kwa nje ganda ni kitu kibaya, jeupe, lenye mabonge, kama kigaga cha kidonda. Mzee Mulwa akarudi nyuma hatua moja.

"Hiki kiligusa ngozi yake?" akauliza.

"Kiligusa."

Akasogea, akachungulia ndani. "Na hizi ni nywele zake?"

Zilikuwa chache, nyeupe, karibu na shingo. "Ndiyo, mzee."

"Basi kinazikwa. Mtu hazikwi nusu. Sisi si watu wa kumwacha mama kwenye rafu ya duka."

Mwikali akaongea kwa upole, akaeleza safu ya migongo, kwamba akikosekana yeye tuta litakuwa na pengo. Mzee Mulwa akamkata.

"Binti, pengo liko nyumbani. Hapa kwako ni kasoro ya mapambo."

Mwikali alinigeukia mimi. Kwangu jambo lilikuwa jingine. Nilikuwa nimemwambia Mama Mutua atauona mgongo wake kabla ya mtu yeyote, na sasa mwenye mwili hayupo. Likizikwa ganda, hakuna atakayeuona milele. Tukimimina plasta, sanamu itatoka, lakini ganda haliwezi kutoka zima, linavunjwa vipande. Hakukuwa na njia ya kuwa na vyote viwili. Nilifungua mdomo kuwaambia twende tuombe kwanza, nikaona aibu, maana nilikuwa natafuta mahali pa kujificha.

Badala yake niliwaambia hivyo hivyo, kama Mzee Kyalo alivyonifundisha: kitakachotokea wakilichukua, na kitakachotokea wakiliacha. Na nikawaambia neno alilosema, mimi kwanza.

Mutua aliligusa ganda kwa ncha ya kidole. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Nimetoka kumwona mochari. Wamemnyoosha."

"Ilibidi," Mzee Mulwa akasema. "Jeneza lingefungwaje?"

"Najua, baba mdogo. Lakini amelala amenyooka kama askari. Nilisimama pale nikatafuta mama yangu sikumwona. Nilidhani wamenipa wa mtu mwingine." Akanigeukia. "Hapa ndani, ameinama?"

"Ameinama. Ameshika jembe."

"Mkimimina, vipande vya ganda vinabaki vyote?"

"Nitaokota mwenyewe mpaka unga."

"Na udongo bado?"

"Bado."

"Ijumaa vijana wanachimba kaburi pale juu ya tuta lake. Nitaleta huo."

Mzee Mulwa akachukua kofia yake. Mlangoni akasema, "Mtajibu mbele za Mungu, ninyi wote," na akaniangalia mimi kwa sababu anajua nasimama mbele kanisani kuimba. Usiku huo na kesho yake sikuwa na utulivu. Nilimwendea mchungaji, akanishauri niombe. Nilikuwa nimeomba. Nilitaka mtu aniambie ndiyo au hapana.

Ijumaa asubuhi Mutua alileta udongo mwekundu kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, bado una unyevu wa chini. Mliokuwepo mnakumbuka. Tulilaza ganda kwenye sanduku la mchanga, nikalipaka sabuni ndani kwa brashi, taratibu, kila mkunjo. Wayua alikata katani ya kuitia plasta nguvu. Tukachanganya plasta na udongo, na Mutua akaomba amimine yeye. Nilimwonyesha kuanzia kiunoni, asiharakishe, aache mapovu yapande. Kisha tukangoja ikaze, na kungoja huko kulinishinda. Nilifagia karakana mpaka Wayua akaninyang'anya ufagio.

Mchana tulilowesha ganda kwa maji ya moto, tukaanza kulibandua. Mutua alivua shati la kazi akatumia kucha zake, ukanda baada ya ukanda. Mimi niliokota nyuma yake na kutia kwenye leso ya mama yake aliyokuja nayo. Kwanza likatoka bega. Kisha shingo, na mbavu, na uti uliovutwa upande. Rangi ilikuwa ya matuta yetu yakinyeshewa. Mutua akakaa chini sakafuni.

"Hivi ndivyo alivyokuwa," akasema. "Tukitoka shule, hiki ndicho tulichokuwa tunaona kwanza kutoka barabarani."

Sikusikia mlango. Mzee Mulwa alikuwa amesimama pale na kofia mkononi, matope ya kaburini kwenye viatu. Akazunguka polepole. Akasimama kwenye bega la kulia, pale ambapo ule ufa ulikuwa umezaa mstari ulioinuka, kama kovu.

"Hili kovu hakuwa nalo," akasema kwa ukali. "Nani alimwumiza?"

Mwikali akasema haraka kwamba ni kasoro ya ganda, ataisugua iishe. Akainua tupa.

"Alicheka," nikasema mimi.

"Alicheka nini?"

Kuna nyakati ambazo ukweli hauna mahali pazuri pa kusimama. Nilimwambia, mbele ya mtoto wa marehemu, siku moja kabla ya kumzika: mteremko uliopimwa kwa macho, mvua, suruali, leso. Nilimwambia mpaka lile neno la tuta kuhama.

Uso wake haukubadilika. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda hatukujua ni nini kinachomtikisa. Alishika ukingo wa meza.

"Ilikuwa suruali mpya," akasema. Akafuta macho kwa kofia. "Huyu mwanamke. Miaka yote hii." Kisha akaitazama tupa mkononi mwa Mwikali. "Weka hiyo kitu chini, binti. Msiguse hapo."

Jumamosi Mutua aliweka ile leso miguuni mwa mama yake ndani ya jeneza. Kaburi lilikuwa limetoa udongo, likapokea ganda. Niliimba na wenzangu, na ndani ya kucha zangu mlikuwa na weupe ambao haukutoka kwa sabuni.

Maonyesho mliyaona wenyewe kwa hiyo sitayaeleza. Nitasema tu kwamba watu walizunguka safu ile wakitafuta nyuso, wakafika upande wa pili, wasizikute, na wakalazimika kurudi. Mzee Mulwa alikuja kila siku. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na bega lile, na mgeni akiuliza habari za kovu alimwambia hadithi nzima. Mwisho alianza kusema kwamba kweli tuta lilihama.

Je, nilifanya sawa? Bado nauliza. Mwenye mwili hakuuona mgongo wake. Tulimpa mtoto wake aone badala yake, na hiyo si sheria niliyoiweka. Nimemkabidhi Mungu jambo hilo mara nyingi, na kila asubuhi nalikuta mlangoni limerudi.

Kwa sababu hiyo nataka kuwaambia neno la mwisho, Wayua na wenzako. Siku ile ya kuniaga mlinizunguka na ndoo, mkasema sasa ni zamu yangu. Mlinikaripia vizuri sana, "Tulia, Mama Ndinda," mpaka nikaona aibu kwa kila mtu niliyewahi kumwambia hivyo. Hamkuniambia kuhusu joto. Hilo nimewasamehe, mlidhani ninajua. Ni kweli najua, lakini mgongo haukuwa umesikia.

Ganda langu liko kwenye rafu ya juu, karibu na dirisha. Mnasema mnangoja udongo kutoka kwangu Matuu, na kwamba hakuna haraka. Mimi ni mtu wa subira, kila anayenijua atawaambia. Udongo nimeuchimba jana mwenyewe, uko kwenye mfuko hapa mlangoni, na kesho naupakia kwenye boda boda ya kwanza. Ukifika, msiuweke pembeni, mwenye mwili bado yupo. Chemsheni maji.